Sanda Juu ya Udongo

Zumari zilikwishaanza kulia kule kwenye kaburi la ukoo, na bado Rafaralahy alikuwa hajasema alipolazwa mkewe.

Aliyejua ni yeye peke yake. Mwaka ule wa tauni, Noro alipokata roho akitema damu, wakubwa wa serikali walileta watu waliojifunika nyuso. Wakamviringisha na mkeka wake, wakamtia kwenye mfuko wa maiti, wakamfukia kando ya mikalitusi, mbali na wazee wake. Mume hakuruhusiwa hata kumshika mguu. Aliwafuata kwa kujificha, na walipoondoka akaweka jiwe. Dawa zililetwa baada ya mazishi, pamoja na hotuba. Ndivyo walivyo wakubwa: huleta mwavuli mvua ikishakatika.

Sasa, kwa desturi yao, ukoo ulikuwa unawatoa wafu wake kaburini, kuwavika sanda mpya na kucheza nao mabegani. Mnajimu alishataja siku, na siku ikitajwa haisogei. Noro tu ndiye aliyekosekana.

"Anatetemeka, baba Voahangy," alisema mama mkwe wake, Bi Rabakoly. "Kila usiku ananijia. Ananiambia, 'Mama, baridi.' Na wewe umejifunika blanketi!"

"Mama, walisema ugonjwa hubaki hai kaburini."

"Walisema! Si ndio waliosema maji ya bomba yanakuja? Umeshayaoga?"

Maisha yake yote Rafaralahy hakuwaamini watu wale, na leo neno lao ndilo lililomzuia. Hata mwongo akipiga kelele za moto, huenda nyumba inaungua kweli.

Voahangy, binti yake, alisimama mlangoni na jembe. Ameolewa, hajapata mtoto. Mwanamke kama yeye huchana kipande cha mkeka wa maiti akakilalia, mababu wakamjalia mtoto.

"Nionyeshe, baba. Nitachana kidogo tu. Mawifi wananiita gogo."

"Na ukiugua?"

"Mama yangu mzazi aniue mimi?"

Rafaralahy alipima pande zote mbili. Akinyamaza, Noro atatetemeka milele, na hasira za mababu zitashuka kwenye tumbo la mwanawe. Akionyesha, mikono ile ndiyo itakayoushika mkeka. Aliikumbuka damu ya Noro kwenye mto wa kulalia.

Akaichukua sanda ya hariri iliyoandaliwa kwa Noro, akatangulia kuelekea mikalitusi.

Walipofika kwenye jiwe, Bi Rabakoly alimpokonya mjukuu wake jembe, akaliinua. Rafaralahy akaketi juu ya kaburi, pale pale.

"Toka hapo! Umerukwa na akili?"

"Nijibu kwanza, mama. Anapokujia usiku, nani humfungulia mlango?"

"Mlango wa nini? Ni roho."

"Basi anapita udongo, anapita ukuta, anapita komeo. Nguo hii nikimtandikia hapa juu, atashindwa kuifikia? Na kama kutoka hawezi, huyo anayekujia ni nani?"

Jembe likabaki hewani.

"Hayo ni maneno ya shule," kikongwe akasema.

"Shule ipi? Mimi darasa la pili nililiacha nikachunge ng'ombe wa baba. Ni woga, mama. Woga ndio ulionifikirisha."

"Na kama umekosea?"

"Anikamate mimi niliyemkalia."

Jembe likashuka taratibu, likaegemezwa kwenye mti. Rafaralahy akainuka, akaitandaza sanda, akazichomeka pindo zake udongoni kama anayemfunika mtoto, akamwaga pombe ya miwa na kumwita Noro kwa jina. Kisha akachana utepe pembeni mwa sanda, akampa binti yake badala ya mkeka. Voahangy aliupokea bila kumtazama.

"Nikimwota tena anatetemeka," alisema Bi Rabakoly, "nitarudi na jembe hili, na hutafungua kinywa."

Asubuhi Rafaralahy alikuwa jikoni kabla ya wote. Mama mkwe alipotoka chumbani, Rafaralahy alimtazama usoni.

"Amekuja?"

"Hakuja."

"Ametosheka?"

"Nitajuaje? Tangu afe hajawahi kuukosa usiku hata mmoja. Jana hakuja." Alijivutia shuka mabegani. "Labda amelala. Labda ametususia. Wewe si ndiye mwenye akili? Niambie."

Katika chumba cha pili, Voahangy alikuwa bado amelala na utepe wake chini ya ubavu. Rafaralahy akaongeza kuni motoni na kuusogelea, ingawa jua lilikwisha kuwa kali.