Siku ya Kuilaza Nyekundu

...na tena anacheka, kwa ajili ya plagi ya pikipiki tu, plagi ina nini cha kuchekesha, kipande cha chuma chenye masizi, Leoš ameifungua akaipuliza kama mtu anayepuliza uji wa moto na Květa akacheka, kicheko kile cha kooni ambacho Bořivoj alidhani kilikwisha zamani, kimezikwa pamoja na mama mkwe au kimeondoka na watoto walipohamia jijini Brno, kumbe kipo, kilikuwa akibani miaka yote, na anayekitoa akibani leo ni Leoš, dereva wa basi mstaafu, miaka sabini na mmoja na nywele zake zote kichwani, nywele na mikono miwili, hilo ndilo hasa, mikono miwili. Bořivoj anao mmoja. Ule wa kulia uko mapajani chini ya blanketi, umelala tangu Juni, tangu asubuhi ile aliponyoosha mkono achukue kikombe na kikombe kikaenda sakafuni, na ulimi nao ukalala nusu, maneno yote yamo kichwani, yamepangwa vizuri kama spana ukutani, lakini kila akivuta moja linatoka jingine au linatoka mkia tu... Na ndiyo maana amekaa hapa, kwenye kiti cha jikoni walichomshushia gereji, kama mgeni wa heshima kwenye maziko. "Wewe utakuwa msimamizi," Květa alimwambia asubuhi akimfunga vifungo vya sweta, "Leoš atanielekeza, mimi nitafanya, wewe utatutazama," utatutazama, yaani wao ni wawili na yeye ni macho.

"Matone mawili matatu ya oili, shemeji," Leoš anasema, ameinama naye juu ya silinda, mabega yao yanakaribia kugusana, yamegusana, "usimimine kama unampikia bata bukini mchuzi." "Na nikipitiliza?" "Ukipitiliza, siku ya kuiwasha mwezi wa nne moshi utapanda mpaka kijiji kizima kitadhani Roma wamepata Papa mpya," na Květa anacheka tena, mikono ya ovaroli imekunjwa mara tatu, ovaroli ya nani, ovaroli yake Bořivoj, ile ya bluu yenye doa la rangi mgongoni, hakuombwa, hakuna aliyemuuliza, na inamkaa vizuri, hilo nalo linamuuma, miaka arobaini na mmoja ya ndoa hajawahi kumwona mkewe ndani ya ovaroli wala hakujua kwamba akivaa anakuwa kama msichana aliyetoroka shule. Msichana yule Leoš alikuwa wa kwanza kucheza naye. Watu husahau, Bořivoj hasahau, dansi ya wazima-moto wa kijiji, ukumbi umejaa, Leoš akacheza naye polka tatu mfululizo, jasho limemlowesha shati, na yeye Bořivoj, asiyejua kucheza hata moja, alisimama karibu na mlango akasubiri, kwa sababu nje alikuwa na pikipiki hii, Nyekundu, silinda mbili, tangi linang'aa hata kwenye ukungu, na Leoš alikuwa na nini, alikuwa na tiketi ya basi. Akamwambia, "Nikupeleke kwenu?" Akapanda. Ndivyo alivyompata, kwa pikipiki, wote watatu wanajua, hata hawajawahi kulitamka, na leo tazama, Leoš anaishika Nyekundu mahali pale pale penye joto, chini ya tangi, anaipapasa kama farasi, mtu aliyeshindwa na pikipiki hii amerudi baada ya miaka yote kuja kuilaza kwa miezi ya baridi, na mwenye pikipiki amefunikwa blanketi kabla ya pikipiki yenyewe... Piga kiki polepole, mpumbavu, kwa mkono, si kwa mguu, oili ienee, ndiyo, hivyo, anajua, mshenzi anajua.

"Sasa betri," Leoš anasema, "anza na waya wa hasi," na Květa anauliza kwa nini wa hasi kwanza, na Leoš anamweleza, taratibu, kwa sauti ya mwalimu wa chekechea, spana ikigusa chuma upande ule cheche zitaruka, na Květa anatikisa kichwa, anasema "Ahaa," anarudia peke yake kwa midomo, hasi kwanza, hasi kwanza, kama anayejifunza sala, na kuna kitu katika midomo ile, Bořivoj anakifahamu, alishakiona wapi... Vuli moja Květa alisimama hapo hapo mlangoni. Mtoto wa pili alikuwa hajazaliwa bado. Alikuja na chai na kipande cha keki ya plamu, akakaa kwenye kizingiti akatazama, akauliza hicho ni nini, akauliza na kile, midomo ikarudia majina, kisha akasema, "Nikusaidie?" na yeye akasema, bila kuinua kichwa, "Utachafuka. Weka chai hapo." Basi. Neno si baya, mtu hawezi kushtakiwa kwa neno kama hilo. Vuli iliyofuata alileta chai akaiweka. Na iliyofuata. Kisha kukawa na birika la umeme humu ndani, Bořivoj akawa anajichemshia mwenyewe, akasema ni kumpunguzia kazi, na mlango ukafungwa kwa sababu ya baridi, kwa sababu ya baridi tu.

"Unajua," Květa anamwambia Leoš, amekwisha kuitoa betri na anaibeba kwa mikono miwili kama mtoto mchanga, anaiweka kwenye ubao, "mlango huu nimeujua kwa nje tu. Wanawake wengine waliwaonea wivu wasichana wa duka la nyama waliotazamwa na waume zao, mimi nilikuwa namwonea wivu huyu mwekundu. Kila mwaka, Novemba ikianza, wiki ya kuwasha mishumaa makaburini, huyu anapanguswa, anapakwa mafuta, anafunikwa blanketi mpaka shingoni. Mimi najifunika mwenyewe." Na anacheka, lakini si kile cha kooni, ni kifupi, cha puani, na Leoš hacheki, Leoš anapangusa mikono kwa tambara na kutazama chini, na wote wawili wamesahau kwamba masikio ya Bořivoj hayakupooza. Au hawakusahau. Blanketi hilo la pikipiki lilikuwa jekundu pia, la sufi, zawadi ya harusi ya shangazi yake Květa, lilitakiwa liwe kitandani, Bořivoj ndiye aliyelishusha huku, sufi inavuta unyevu, alisema, na Květa akasema, "Lichukue."

Wivu huwa na macho mengi, lakini hili Bořivoj hakuwahi kuliona, kwamba unaweza kukaa nyumba moja na mtu na mlango mmoja katikati na mtu huyo akakaa upande wa pili akisikiliza kicheko... hapana, hakukuwa na kicheko humu, yeye hucheka na nani, alipiga mluzi, ndiyo, alipiga mluzi, Květa alikuwa juu akikunja nguo na kusikia mumewe akipigia chuma mluzi, na leo ameketi yeye kwenye kiti, anasikia, na kinachomchoma kifuani ni kile kile, kimebadilisha kifua tu.

"Haya, tangi limejaa, halitashika kutu," Leoš anasema, "funga koki hiyo ya petroli, shemeji, igeuze mpaka mwisho, na tumemaliza, wewe ni fundi kamili, nitakuja kukuajiri," na Květa anaigeuza koki, kidogo tu, na inakaa, na wanaona imefungwa. Haijafungwa. Bořivoj peke yake duniani ndiye anayejua kwamba haijafungwa na haifungiki, kwa sababu ndani yake washa, kile kipete cha kuzuia uvujaji, si ya dukani, ni ngozi, aliikata mwenyewe mwaka ule ambao theluji ilianguka kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Martin, mapema Novemba, na washa hazikupatikana mji mzima, akazunguka nyumba akitafuta ngozi laini, akaona viatu vya Květa vya baridi mlangoni, vyeusi, virefu, akakata shingo ya cha kushoto kiasi cha kucha, kisha akaona aibu, akakitia kiatu chote kwenye tanuri la makaa linalochemsha maji na kupasha nyumba joto. Květa alimlaumu mbwa. Alimpiga kwa ufagio, maskini, mbwa akalala chini ya meza siku mbili. Na ngozi hiyo ni nzuri kiangazi, ila baridi ikiingia inajikunja, petroli inapenya tone kwa tone mpaka kabureta, mpaka sakafuni, ndiyo maana kila mwaka yeye huchomoa mpira wa petroli upande wa kabureta, huuziba kwa boliti fupi na kuukaza kwa waya, dakika mbili, hajawahi kumwambia mtu. Basi na anyamaze. Leoš ajione fundi kamili, mwezi wa nne aje akute tangi tupu na injini imelewa petroli, Květa amtazame, aseme, Bořivoj asingefanya hivi, aseme hivyo mara moja tu, hata kwa macho. Ni raha ndogo, na mgonjwa ana raha ngapi... Leoš anakusanya spana. Anazitundika mahali pasipo pake. Anyamaze. Nyuma ya ukuta tanuri linanguruma, ukuta wa tofali moja, na chini ya mlango wa kati kuna upenyo wa vidole viwili, na mvuke wa petroli hautembei juu, hutambaa chini kama paka, na kila siku saa kumi na moja alfajiri anayepiga magoti pale mbele ya tanuri, kwa gazeti na kiberiti, tangu Juni, si Leoš.

"Ko..." anasema.

Wanageuka. "Ko... ko..." Ulimi umekwama kama funguo kwenye kufuli la baridi. "Koti!" Leoš anasema, "unasikia baridi, mzee wangu? Shemeji, mletee koti lake," na tayari anainuka, mwema, mwema siku zote, hilo ndilo baya lake, na Bořivoj anapiga mkono wa kushoto kwenye paja, si koti, si koti. "Nyamaza, Leoš," Květa anasema. "Hasemi na wewe." Na anakuja, anapiga magoti kwenye saruji mbele ya kiti, ananuka oili, ananuka kama yeye Bořivoj alivyonuka maisha yake yote, na anamtazama mdomoni, si kwa huruma, kwa midomo ile ile inayorudia. "Koki," anasema Bořivoj. "Koki," anarudia Květa. "Ina... inavuja. Ngozi." "Ngozi gani?" Anaweza kuishia hapo. "Ki-kiatu. Chako. Cheusi."

"Cha kushoto," Květa anasema polepole. Bořivoj anaitikia kwa kichwa. "Wewe Bořivoj. Nilimpiga mbwa." Anakubali tena, macho yanamlowa, tangu Juni hulowa kwa lolote, lakini hili si lolote. Anangoja acheke, anangoja kibao, vyote viwili vingekuwa haki yake, na Květa hafanyi hata kimoja, anashika gurudumu, anajivuta karibu na Nyekundu bila kusimama, anaweka kidole kwenye mpira. "Hapa?" Hapana. "Hapa?" Ndiyo. "Leoš, shika tochi. Hapana, si hivyo, unanipiga machoni." Anachomoa mpira, petroli inamchuruzikia kiganjani, anakunja mpira haraka na kuubana, hakuna aliyemfundisha hilo, anageuza uso kwa mumewe, nywele zimemwanguka, pua ina masizi. "Haya, fundi. Nauziba na nini?"

Na boliti. Fupi, iko kwenye kopo la tumbaku, rafu ya pili. Neno analo, limekuja lenyewe, zima, limekaa kwenye ncha ya ulimi tayari kuruka, Leoš amesimama na tochi hajui aende wapi, na Květa amepiga magoti amesogeza sikio, karibu kabisa, anangoja. Bořivoj anafungua mdomo. Kisha analishikilia neno kidogo, kidogo tu, ili Květa aendelee kungoja.