Maneno Matano ya Bibi Vifungo

Mama Pacha hakuwa mtu wa kuzungusha maneno. Kazi yake katika utafiti mmoja wa kumbukumbu za wazee ilikuwa kukaa chumbani na mzee mmoja mmoja, kumsomea maneno matano, kumpitisha kwenye hesabu na michoro ili mawazo yake yahame, kisha kumwuliza maneno yale yalikuwa yapi. Kazi aliijua, na wazee walimpenda kwa kuwa hakuwasemesha kama watoto wachanga.

Asubuhi hiyo walikuja akina bibi waliostaafu kiwanda cha kushona sare. Wa kwanza akapata yote matano. Wa pili, yote. Wa tatu akayataja bila hata kukuna kichwa. Mama Pacha akaanza kujiuliza kiwanda kile kilikuwa kinawatilia nini kwenye chai.

Wa nne alikuwa Bibi Vifungo, aliyeitwa hivyo kwa sababu maisha yake yote kiwandani alikuwa akishona vifungo. Aliletwa na mwanawe, fundi majokofu, pande la mtu, aliyejaa mlangoni na funguo za gari mkononi.

"Dada, mimi nataka jibu leo," alisema. "Mama kaunguza sufuria mbili mwezi huu. Jirani ndiye aliyeona moshi. Mkisema kichwa hakiko sawa, Jumamosi namhamishia kwangu, nyumba yake tunaipangisha."

"Mimi niko hapa, nasikia," alisema Bibi Vifungo. "Sijawa kabati la kuhamishwa."

"Kaka, subiri nje." Mama Pacha akafunga mlango. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Tuanze."

"Nitakusomea maneno matano. Sikiliza vizuri, halafu..."

"Ndoo, mkufu, daraja, pilipili, dirisha!"

Mama Pacha akatazama karatasi yake. Alikuwa hajasoma hata neno moja. Bibi naye akashtukia alichokifanya, akaziba mdomo kwa kiganja.

"Bibi, nani kakupa?"

"Nani tena? Walionitangulia. Pale kiwandani, zamu inayotoka haikuondoka hivi hivi. Unamwambia mwenzako anayeingia: mashine ile inakata uzi, msimamizi leo kaamka vibaya, kitambaa cha bluu kimekwisha. Ukinyamaza, unaitwa mchoyo mpaka unastaafu. Sasa shoga yangu atoke humu ndani, anikute kwenye benchi, asinipe kitu?"

Mama Pacha alitaka kukasirika, akashindwa, akacheka mpaka akafuta macho. Kosa lilikuwa lake. Yeye ndiye aliyewaweka benchi moja, mlangoni kabisa, wanawake waliozoea kukabidhiana kazi. Majibu ya asubuhi nzima yalikuwa ya kutupa, na daktari wa utafiti angemwambia hivyo hivyo, bila kupaka rangi.

"Hayo siyahesabu," alisema. "Nina mengine matano."

Sauti ya bibi ikashuka. "Na nikikosa? Nyumba ile nimeijenga kwa vifungo, kimoja kimoja. Kwa huyo mwanangu nitawekwa mbele ya televisheni, niulizwe kama nimeshiba, basi."

"Ukikosa, tutajua umekosa nini. Ukijibu kwa majibu ya kuazima, daktari atatibu kichwa cha shoga yako. Cha kwako kitabaki vilevile."

Bibi Vifungo akaguna, akajiweka sawa kwenye kiti. "Soma. Na usinionee huruma."

Mama Pacha akasoma. Wakafanya hesabu za kutoa. Bibi akateleza mara moja, akajirekebisha mwenyewe. Akachora saa, na mishale yake ikakaa panapotakiwa. Kisha ikaja zamu ya maneno.

"Kofia... asali... treni. Mengine yameondoka."

"Moja ni mnyama."

"Punda!"

"Na la mwisho?"

"La mwisho limepanda punda huyo huyo, wamekwenda zao."

Daktari alikuja, akampima, akamwuliza kuhusu dawa zake. Presha ilikuwa imepanda, kwa sababu vidonge alikuwa akimeza siku akikumbuka. Kumbukumbu imepungua kiasi, daktari akasema. Tuishushe presha kwanza, kisha apimwe tena baada ya miezi sita.

Fundi majokofu akaingia kabla hajaitwa. "Wamesemaje?"

Mama Pacha alifungua mdomo, lakini Bibi Vifungo akainua mkono.

"Nasema mwenyewe. Nimepata matatu kati ya matano, na punda nimesukumiwa. Nasahau, ni kweli, na sufuria niliunguza mimi, siyo jiko. Kuanzia leo sufuria ikiwa motoni sitoki jikoni, hata aje nani kugonga. Vidonge, njoo unihakikishie kila jioni. Kuhama, hapana."

Mwanawe akamgeukia Mama Pacha. "Dada, hiyo ni sawa kweli?"

"Daktari hajasema asikae peke yake. Kasema ameze dawa na arudi. Hali ikibadilika, nitakwambia mbele yake, siyo nyuma ya mgongo wake."

Jamaa akakuna shingo, akatazama sakafu, akamtazama mama yake.

"Nikitoka kazini, basi. Kila siku?"

"Kila siku. Na usije mikono mitupu, mboga siku hizi ziko bei juu."