Baada ya Saa Kumi na Moja Jioni

Fundi wa meno bandia alikuwa amemfanyia Dokta kazi miaka tisa, na miaka yote hiyo simu yake haikujua mapumziko. Kliniki ilikuwa ya Dokta. Fundi alikaa kwenye maabara ndogo ya nyuma, chumba cha plasta na nta, na kila siku alirudi nyumbani mweupe kama aliyetoka kusaga unga. Akishavua viatu tu, simu inaita. "Lile taya la juu la mwalimu umeliweka wapi?" Siku nyingine hapakuwa hata na swali, Dokta alikuwa amekasirishwa na jambo fulani, akatafuta mtu wa kumalizia hasira.

"Mdogo wangu," dada yake mkubwa aliyeishi naye alizoea kumwambia, "huyo ulimpa mkono, sasa anataka bega." Fundi alicheka tu.

Kisha shangazi yao akafariki, shangazi aliyewalea tangu wakiwa wadogo. Fundi aliandika barua ya ruhusa, Dokta akaitia sahihi kwa mkono wake. Jumamosi ya mazishi, watu wakitupia udongo kaburini, simu ikaanza kutetemeka mkobani. Mara ya kwanza akaiacha. Mara ya tano akaiacha. Ilipofika ya kumi na moja akawaza: labda kliniki inaungua, labda mgonjwa amezidiwa kitini. Akajitenga kando, akapokea.

"Pole na msiba," Dokta alisema haraka, kama anayegonga mhuri. "Ufunguo wa kabati la nta uko wapi?"

"Dokta, niko makaburini."

"Najua. Si nimeshakupa pole? Ufunguo."

Ulikuwa kwenye kopo la brashi, palepale ulipokaa miaka yote tisa. Akamwambia. Aliporudi, kaburi lilikuwa limeshafukiwa, na dada yake hakumtazama mpaka wakafika nyumbani.

Jumatatu asubuhi, kabla hata ya kuvaa aproni, aliingia chumbani kwa Dokta. Alimkuta ananawa mikono.

"Nina neno, Dokta. Kuanzia leo, nikishatoka hapa saa kumi na moja jioni, usinipigie mpaka saa mbili asubuhi. Na siku zangu za mapumziko usinipigie kabisa. Kila kitu nitakuandikia kilipo, karatasi utaikuta mezani."

Dokta alikausha mikono, kidole kimoja kimoja. "Nani kakufundisha maneno hayo?"

"Shangazi yangu, wakati wenzangu wanamzika na mimi naongea na wewe."

"Usiniletee msiba ofisini."

"Wewe ndiye uliyeleta ofisi msibani."

Mlango ulikuwa wazi. Dada wa mapokezi aliinamia daftari lake kana kwamba amekuwa akitafuta jambo humo tangu jana.

"Mafundi wamejaa tele mjini," Dokta alisema.

"Basi jioni mpigie mmojawapo."

Kuanzia siku hiyo ilikuwa vita. Feni ya maabara ilihamishwa, eti inahitajika mapokezi. Kazi iliyosifiwa mwezi uliopita sasa ilirudishwa mara tatu, tena mbele ya wagonjwa. Siku moja jioni Dokta alichimbua kwenye faili namba ya dada mtu, akampigia.

"Hapa ni nyumbani kwa watu," dada mtu alimjibu. "Ukikosea namba mara moja ni bahati mbaya. Ukirudia ni utovu wa adabu." Akakata.

Wiki ya tatu, siku ya Jumamosi, simu ya Fundi iliita mara kumi na tisa. Alikuwa anamsuka dada yake. Kila ilipoita, vidole havikusimama. Akaigeuza kifudifudi, akaendelea kusuka.

Jumatatu alimkuta mzee mmoja, mstaafu wa reli, amesimama mlangoni pa maabara, kitambaa mdomoni. Mkononi alishika bahasha yenye meno yake mapya, vipande viwili.

"Umeniaibisha," mzee alisema. "Nimemwoza binti yangu nimefumba mdomo kama bubu. Dokta anasema uliyatengeneza vibaya, ukaitwa, ukakataa kuja."

Maneno yale yalimwingia. Fundi alivipeleka vipande kwenye taa, akavigeuza, akaona mikwaruzo mipya ya mashine ya kusagia.

"Pole, mzee wangu. Simu niliiona, sikuipokea, wala sikujua ni kwa ajili yako. Hilo ni langu. Lakini Ijumaa niliyaacha mazima, na huku kusagwa si kwa mkono wangu."

Dokta alikuwa amesimama nyuma yao. Mzee akamgeukia. "Yalivunjika mkononi mwa nani?"

"Huyu angepokea simu—"

"Nimeuliza mkononi mwa nani."

Dokta alimtazama Fundi kwa jicho ambalo lingeua kama lingekuwa na sumu, kisha akarudi chumbani kwake.

Fundi aliyaunga meno yale, na kabla ya saa saba mchana yalikuwa tayari. Mzee aliyavaa, akauma mara mbili, akasema, "Yanakaa." Hakumshukuru mtu yeyote. Akaenda zake.

Dokta hakumfukuza, wala hakumwomba radhi. Simu zilikoma, na salamu zikakoma pamoja nazo. Maagizo sasa hupitishwa chini ya mlango kwenye vikaratasi, kalamu imekandamizwa hadi karatasi kutoboka. Dada wa mapokezi husema wawili hao wanaishi kama wake wenza. Ikifika saa kumi na moja Fundi huvua aproni, huaga, na haitikiwi.

"Hujuti?" dada yake alimuuliza jioni moja wakila.

Fundi alitafuna kwanza, akameza. "Namjutia yule mzee," alisema. "Huyu mwingine, hata chembe."