Soksi za Mume wa Majvor

Kwa miaka kumi na tisa Evert Rosenlind aliingia kwenye nyumba za watu na viatu vyake miguuni, na nchi nzima ikamsema. Wala si yeye hasa. Alikuwa Inspekta Brodd, mpelelezi wa vitabuni ambaye Evert alimwigiza kwenye televisheni kila majira ya baridi, na aliyeamua kwamba Brodd havui viatu mlangoni alikuwa mwandishi. Lakini nani ahangaike kumwandikia mwandishi? Watazamaji walivumilia maiti chini ya barafu, walimvumilia hata kasisi aliyemuua ndugu yake kwa shoka, ila matope ya Brodd juu ya zulia la mjane yaliwashinda. "Huyo mtu hakulelewa na mama?" aliuliza bibi mmoja wa mji wa Kiruna, kaskazini kabisa, kwa barua ya kurasa nne.

Majvor, mkewe, alilifanya utani wa nyumbani. Akisikia ufunguo mlangoni alipaza sauti kutoka jikoni: "Nani huyo, mzee wangu au Inspekta?" Evert akavua viatu, akaingia na soksi, akajibu, "Mimi tu." Soksi zenyewe alizifuma Majvor kwa mkono wake, sufu ya kijivu yenye mstari mwekundu kisiginoni. Hivyo ndivyo walivyoishi miaka arobaini na sita, ukiondoa siku ambazo Evert alikuwa mbali akimtafuta muuaji wa kubuni, na siku hizo hazikuwa chache.

Sasa Majvor aliishi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, kilimani juu ya mji wa Härnösand, na kumbukumbu zilikuwa zikimtoka kidogo kidogo kama unga kwenye gunia lililotoboka. Mwezi wa Agosti Evert alivua viatu ukumbini kama mtu yeyote mwenye adabu, akaingia chumbani, akaketi ukingoni mwa kitanda. Majvor akapiga kelele mpaka Ulrika, muuguzi wa zamu, akaja mbio. Mwanamume asiyemjua, tena na soksi, tena kitandani kwake! Tusimlaumu, hata wewe ungepiga kelele.

Jumanne iliyofuata ilinyesha. Evert alikuja na koti lake refu, na kwa jinsi moyo ulivyokuwa mzito alipitiliza mlangoni na viatu bila kukumbuka. Majvor akamtazama miguuni, kisha usoni, uso wake mwenyewe ukachangamka.

"Inspekta Brodd," alisema. "Umechelewa, lakini si kitu. Mume wangu amepotea."

Tangu siku hiyo, kila Jumanne saa nane mchana, Evert aliingia kwa mkewe na viatu. Ulrika alikuwa akimngoja na ufagio wa maji mkononi.

"Nimepiga deki sasa hivi, Evert. Sasa hivi, hata haijakauka."

"Nikivua ananifukuza."

"Najua. Haya pita, ila kanyaga pembeni. Mama yangu alikuwa akikuona kwenye televisheni anafunika zulia lake, kweli tena."

Evert alikuwa na shida moja tu maishani, na Ulrika aliijua. Daktari alikuwa amesema kwamba kufika Krismasi huenda Majvor asiweze kuzungumza tena. Evert alitaka mkewe amjue mara moja tu kabla ya hapo. Hata kwa dakika moja, amwite mzee wangu, yeye ajibu "Mimi tu", basi. Hakuona kama ni ombi kubwa.

Jumanne moja ya Oktoba walikuwa wakinywa kahawa na mkate wa mdalasini. Majvor alikuwa amebana kipande cha sukari kwa meno, akivuta kahawa ipite hapo, kama mama yake alivyofanya. Evert alifungua daftari.

"Alikuwa mtu wa namna gani, huyu mumeo?"

"Mrefu. Kukuzidi wewe. Na kijana bado, usinielewe vibaya, Inspekta, ila wewe umezeeka."

"Nimezeeka kweli. Mliishi vizuri?"

Majvor alikitafuna kile kipande cha sukari, akafikiri. "Alikuwa mtu wa kuchelewa. Kila siku kazi, kazi. Mimi nilikuwa nasema, ipo siku utarudi ukute nimekwenda zangu. Lakini mwisho wake alirudi. Nikisikia soksi zake ukumbini, roho inatulia."

Evert alishindwa kuandika. Aliumia, na alistahili kuumia.

"Zitawasaidia kumtafuta, hizo soksi," aliendelea Majvor. "Nilimfumia mwenyewe. Kijivu, na mstari mwekundu hapa kisiginoni."

Mzee aliondoka karibu akimbie. Kumbe anazikumbuka! Na mwezi wa Agosti, alikumbuka sasa akiteremka kilima, alikuwa amevaa soksi nyembamba za dukani kwa sababu ya joto. Ndiyo maana! Hakukataliwa yeye, zilikataliwa soksi za dukani. Mwenye kiu hachagui kisima, na Evert alikuwa na kiu ya miezi mingi. Nyumbani alipekua makabati yote mpaka akapata jozi ya mwisho, akaifua kwa mkono, akaianika juu ya jiko. Alisimama mbele ya kioo akajaribu kusema "Mimi tu" kwa namna sita, yeye aliyeigiza maisha yake yote.

Jumanne theluji ya maji maji ilikuwa ikianguka. Ili soksi zisilowe alizitia kwenye mfuko mwangavu wa plastiki, ule wa kuhifadhia samaki kwenye friji, akaufunga mdomo na kuutia ndani ya koti. Aliingia na viatu ili asimtishe. Aliketi kwenye kiti, si kitandani. Alikuwa amepanga kila kitu. Kisha akautoa mfuko, akauweka mezani kando ya vikombe, na maneno yakamtoka yenyewe:

"Majvor, unazitambua hizi?"

Majvor aliinama. Alipitisha kidole juu ya plastiki, pale palipo na mstari mwekundu.

"Ni zake," alisema. "Ni za mzee wangu."

Kwa muda wa pumzi moja Evert alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Härnösand. Halafu akaona jinsi mkewe alivyoweka kikombe chini, polepole, kwa mikono miwili. Akauona mfuko. Akaliona koti lake mwenyewe linalodondosha maji. Akiwa Brodd, ni wake wangapi aliowawekea mfuko kama huo mezani, kwa koti hilihili, kwa maneno hayohayo? Hakuna mtu nchini asiyejua maana yake.

"Mmempata wapi?" aliuliza Majvor.

"Hapana. Majvor, sikiliza. Mimi tu. Ni mimi tu."

"Naona ni wewe." Alimpigapiga mkono, kumtuliza. "Afadhali wamekutuma wewe, Inspekta. Angekuja mtu mwingine ingeniuma zaidi. Aliteseka?"

Kwa miaka kumi na tisa Brodd alijibu swali hilo kwa neno moja, awe amesema kweli au amedanganya. Evert alitafuta neno lingine, akaona kwamba hana.

"Hapana," alisema.

Majvor aliitikia kwa kichwa. Alifungua mfuko, akazitoa soksi, akazinusa, hazikuwa na harufu yoyote ila ya sabuni. Kisha akatazama sakafuni, kwenye kidimbwi kilichozunguka viatu vya mgeni.

"Vua viatu, Inspekta. Humu mna msiba."

Evert aliinama, akafungua kamba. Soksi zake za dukani zilikuwa zimelowa chapachapa.

"Ona hiyo miguu," alisema Majvor. "Utapata homa bure. Chukua hizi, uvae. Yeye hana haja nazo tena."

Alizivaa. Majvor akamsaidia ya kushoto, akaivuta vizuri mpaka mstari mwekundu ukakaa mahali pake. Akauacha mkono wake pale kisiginoni, akatazama.

"Zimekutosha kabisa," alisema, akaanza kumlilia mumewe.