Majani ya Shangazi Kisahanini

Mwanzoni madaktari walitaka kukata kidole kimoja tu cha mguu. Shangazi akaja juu. Kidonda chake cha kisukari alikuwa akikiosha kwa majani yake, na kisu chao wakakatie vitunguu!

Binti wa kaka yake, aliyemlea mwenyewe na sasa ni fundi wa maabara, akaona kipimo ndicho kitakachomaliza ubishi. Alipangusa usaha, akaotesha vijidudu kwenye kisahani. Yale majani akayatwanga, akayaloweka kwenye spiriti ili dawa itoke, akachovya kikaratasi na kukiweka katikati. Asubuhi vijidudu vilikuwa vimetanda kisahani kizima, isipokuwa kuzunguka kikaratasi: duara safi, hakuna kitu. Alicheka peke yake, kisha mbio wodini.

"Yanaua, shangazi! Nimeona kwa macho yangu."

"Nimekukuza kwa hayohayo, leo ndiyo unayavumbua?" Shangazi akarudi nyumbani na kidole chake.

Haraka haraka haina baraka. Tunawaambia watoto, kisha tunakimbia sisi. Siku chache baadaye mwenzake wa maabara alikitazama kile kisahani, akauliza, "Na kikaratasi cha spiriti tupu uliweka wapi?"

Hakuweka. Wala kile cha majani hakukisubiri kikauke. Kosa analowafokea wanafunzi kila muhula, kalifanya yeye, kwa mapenzi. Akarudia kipimo. Safari hii alikikausha kwanza kikaratasi cha majani, na vijidudu viliota hadi juu yake. Lile duara safi la kwanza lilikuwa kazi ya spiriti tupu.

Alikwenda nyumbani na daktari. Chumba kilinuka, weusi wa mguu ulishapita kifundo. "Sasa ni kukata juu ya goti, na iwe leo," daktari alisema, akatoka kuwasha gari.

"Shangazi, nilikosea. Iliyoua ni spiriti. Majani hayakuua kitu. Twende, nakuomba."

Shangazi alimtazama kwa huruma ya kweli kabisa. "Wamekutisha kazini, eh?" alinong'ona. "Maskini mwanangu. Usijali, sitamwambia mtu uliniambia nini."

Binti alilia, akapiga magoti, akaapa. Kila alivyozidi kuapa ndivyo shangazi alivyozidi kumbembeleza. Kisha shangazi akaunyoosha mguu, akauweka mapajani mwa binti, akamsogezea bakuli la majani mabichi yaliyopondwa.

"Nifunge wewe. Mkono wako mwepesi."

Nje honi ililia mara mbili. Binti akachukua kitambaa, akafunga.