Mmea Mama Haupaswi Kuchanua

Kabati lilikuwa la marehemu mume wangu, la mbao nzito, milango miwili. Makoti yake niliyagawa, ndani nikapaka rangi nyeupe ili mwanga usipotee bure, na fundi umeme wa mtaani akanifungia zile taa nyeupe zilizosokotwa kama tambi, zinazokula umeme kidogo. Taa kubwa za wakulima wa siri zinachoma, na mita inakimbia kama punda aliyeona nyoka. Hizi zangu unazishusha mpaka zinabaki upana wa kiganja juu ya jani, na jani haliungui. Udongo niliuchanganya mwenyewe kwenye beseni la kufulia: udongo mweusi, mbolea ya minyoo, na vijiwe vyeupe vyepesi vya kuufanya upumue. Ukiufinya ushikamane, ukiufungua mkono umwagike. Bangi haitaki udongo mwingine.

Nasema bangi kwa sababu ndilo jina lake. Haydée, jirani yangu, huiita bizari.

"Nélida, bizari inaendeleaje?" huniuliza juu ya ukuta, kwa sauti ya kusikika mpaka kituo cha polisi.

"Inakua."

"Nilijua utazeeka vibaya, ila sikujua utazeeka jambazi."

Kisha hunipitishia maandazi ya moto kwenye karatasi, nami nachemsha maji ya mate, ile chai chungu ya majani ya kwetu, tunakunywa yeye upande wake, mimi upande wangu, kibuyu kikipita juu ya ukuta.

Nililima kwa ajili ya Ludmila, mjukuu wangu. Kifafa kilimwanza angali ananyonya. Dawa za hospitali zilimlaza mtoto, kifafa chenyewe hakikulala. Roxana, binti yangu, alirudi kwangu hapa Berisso akiwa amembeba begani, mtoto mkubwa mwenye shingo laini kama aliyezaliwa jana. Mama mmoja wa La Plata, mwenye mtoto wa namna hiyo hiyo, akanipa kipandikizi, tawi la mmea wake lililokwisha kutoa mizizi. Hakuniuzia. Kati yetu vipandikizi haviuzwi, unapewa na wewe unakuja kumpa mwingine. Akaniambia, "Mtoto wangu mmea huu ulimfaa. Labda na wako." Aina nyingine tulikuwa tumezijaribu zikashindwa. Hii ikamfaa.

Sasa, aina ikimfaa mtoto, huipandi kwa mbegu, maana kila mbegu ina tabia yake kama watoto wa tumbo moja. Unaweka mmea mama. Huo unaishi kabatini chini ya taa mchana kutwa na sehemu kubwa ya usiku, unafanyiwa kiangazi kisichoisha, nao unatoa majani tu na matawi. Matawi ndiyo unayoyakata, unayatia mizizi kwenye vikombe, yakishika unayahamishia sanduku la pili. Huko unayapa giza refu, yanadhani baridi inakuja, yanafanya haraka kuchanua, na maua hayo ndiyo ya mafuta. Watoto wanachanua. Mama hachanui.

Matone ya mafuta hayo, chini ya ulimi, yalimwamsha Ludmila polepole. Kwanza shingo ikakaza, akainua kichwa. Halafu akaketi. Siku moja nilimkuta ametambaa mpaka kabatini, amenyoosha mikono yake miwili kwenye mwanga, anasema, "Jua." Lilikuwa neno lake la kwanza. Nikakaa naye sakafuni mpaka magoti yakagoma kuniinua.

Ndipo akaja Darío, mchumba wa Roxana. Ni dereva wa malori kwenye visima vya mafuta ya petroli, kusini kabisa, Comodoro. Nilimtafutia kasoro sikuipata. Alimkata mtoto kucha bila kuombwa. Roxana aliniambia tukiwa tunamenya viazi.

"Mama, Darío amepata nyumba kule."

"Kule upepo unang'oa mabati."

"Watu wanaishi, mama."

"Na daktari?"

"Yupo, nimeshaongea naye. Mtoto sasa anaweza kusafiri. Wewe ndiye uliyemponya."

"Sijamponya. Nimemwagilia maji."

"Basi nipe kipandikizi."

Nikaendelea kumenya kiazi mpaka kikabaki kama gololi. Mafuta ya bangi hayatumwi, njia ya kusini ina vizuizi na mbwa wa kunusa. Bila kipandikizi wasingeweza kwenda. Alilijua hilo, nami nililijua, na hakuna aliyelisema.

Nilimkatia tawi la pembeni, lenye afya kuliko yote, nikalitia mizizi kikombeni. Likasafiri ndani ya chupa ya chai ya kusafiria, limezungushiwa karatasi iliyoloweshwa, kwa kuwa katika nchi hii hakuna polisi anayemnyang'anya mtu chupa yake ya mate.

"Tukikamatwa, mama mkwe," Darío alisema, "nitawaambia mwaka huu majani ya mate yamekuja mabichi mno."

Hata Haydée alicheka, na macho yake yalikuwa mekundu.

Kitanda cha Ludmila sikukikunja. Mmea mama wangu niliuacha kabatini chini ya taa kama kawaida, ingawa hapakuwa na wa kumkamulia mafuta. Kila Jumapili Roxana alipiga simu nikamfundisha: paka rangi nyeupe, usimwagilie mpaka udongo ukauke kidole kizima, shusha taa. Mmea wao ukakua, ukawa mama.

Jumapili moja akapiga kabla ya saa yake.

"Kaa chini, mama, nina habari nzuri. Mmea mama umechanua."

Sikukaa.

"Umechanua vipi?"

"Kila kifundo kina vinywele vyeupe. Nyumba nzima inanukia. Darío anasema ni baraka."

Nikamuuliza habari za taa. Akanieleza kama jambo dogo: Darío amehamishiwa zamu ya usiku, analala mchana, na kabati liko chumbani mwao. Mwanga unapenya mlangoni, mtu hapati usingizi. Basi akilala wanazizima, akiamka wanaziwasha. Anayefanya kosa hilo ni mtu anayeupenda mmea na kumpenda mume, na nyumba ina chumba kimoja.

Nilijua yatakayofuata. Maua yangevimba, wangevuna, mafuta yangekuwepo kwa muda, na mmea ungekuwa umekwisha, hauna tawi la kukata. Mama wa aina ile wangempata huku tu, chumbani mwangu. Wangerudi. Sikuhitaji hata kudanganya. Nilitakiwa niseme hongera tu. Nyuma ya Roxana nikamsikia Ludmila akiimba wimbo usio na maneno, na akilini mwangu nilikuwa nimeshatandika kile kitanda.

"Mama? Umekata?"

"Nipo."

"Mbona hufurahi?"

Nikauzungusha waya wa simu kidoleni mpaka kidole kikawa cheupe.

"Zima jiko unisikilize," nikamwambia. "Mmea mama haupaswi kuchanua."

Akaanza kulia kabla sijamaliza. Nikamwacha alie kidogo, kisha nikaendelea. Nyofoa maua yote, hata madogo. Rudisha mwanga kama zamani, mchana kutwa na sehemu kubwa ya usiku. Toa kabati chumbani.

"Nilipeleke wapi?"

"Jikoni."

"Haliingii, mama."

"Toa meza. Mtakula mmepakata sahani."

"Na Darío?"

"Darío atalala. Mmea ndio usilale."

Ilichukua muda. Mmea uliorudishwa hivyo hutoa kwanza majani ya ajabu, ya mviringo, ya kidole kimoja badala ya vitano, yamejikunja. Roxana aliniambia kwa hofu, nikamjibu, "Ndiyo hayo. Usiyaguse, unarudi." Kisha yakaja ya vidole vitatu. Kisha vitano. Kila kidole kilichorudi nilikifurahia kwa mdomo tu.

Walikuwa waje likizo ya baridi. Nilinunua shuka mpya, ya sungura. Wiki ya likizo Roxana akapiga.

"Mama, hatutaweza. Bibi yake wa huku, mama yake Darío, ameshamwandalia Ludmila sherehe ya siku ya kuzaliwa."

"Sawa."

"Mmea mzuri sana. Sasa nakata vipandikizi mwenyewe. Kimoja nimempa mama mmoja wa jirani, ana mtoto kama wetu."

"Ndivyo inavyofanywa," nikasema.

"Ngoja nikupe Ludmila. Ludmi, njoo umsalimie Bibi."

Nikaisikia sauti ya mtoto, kwa mbali kidogo: "Bibi yupi?"

"Wa Berisso," Roxana akamwambia upesi, kwa sauti ya chini.

Miguu ikaja. "Halo," Ludmila akasema, kwa adabu, kama anavyosalimiwa daktari.

"Halo, mpenzi wangu. Umekula nini?"

"Nimekula tambi."

"Tambi na nini?"

"Tambi na jibini, na paka alikuwa anataka, mimi nikamwambia hapana."

Kwangu hakuwahi kusema sentensi nzima. Nikamuuliza paka anaitwaje, ili aseme nyingine. Akaniambia. Nikamuuliza rangi yake.

"Sasa naenda," akasema, akaiweka simu juu ya kitu kigumu bila kuikata.

Sikukata na mimi. Nikawasikia wakikusanya sahani, Darío akiuliza nani kamaliza mkate, Ludmila akijibu ni paka, wote watatu wakicheka. Niliwasikiliza nikiwa nimesimama, mpaka mmoja wao alipoona simu iko wazi, akaikata.