Kwangu Inakwenda

Ugonjwa wa fundi wa seva, kompyuta inayopitisha barua pepe zote za hospitali, ulikuwa sentensi moja: "Mbona kwangu inakwenda?" Ukimlalamikia kwamba barua pepe zako zinakataliwa, anatuma moja kutoka mezani kwake, inafika, anakujibu hivyo na kukata simu. Na maringo juu, bwana huyo.

Wiki tatu nzima dada yake, karani wa kumbukumbu aliyehamishiwa jengo jipya la hospitali yao, alimpigia kila siku. Alikuwa akituma faili la mama yao kwenye hospitali ya macho, mji wa mbali. Jicho moja la mama lilishazima. La pili lilipata nafasi ya kupasuliwa, mradi faili litoke kwenye barua pepe ya ofisi ya kumbukumbu na kufika kabla ya Ijumaa ya wiki ile ya tatu.

"Barua za humu ndani zinapita, mdogo wangu. Za nje ndizo zinarudi."

"Unakosea anwani, dada. Kwangu inakwenda."

Ijumaa ikapita. Jumatatu ndipo fundi alipoteremka mwenyewe hadi jengo jipya, amenuna, akamfundishe dada yake mkubwa kuandika anwani. Akakaa kwenye kiti cha dada, akaandika herufi kwa herufi. Ikarudi. Akaandika tena, ikarudi, akafungua mipangilio ya seva.

Seva ile hupeleka nje barua za kompyuta zilizo kwenye orodha tu, matapeli wa mtandaoni wasije wakaitumia. Orodha aliiandika yeye. Meza yake ilikuwa ya kwanza. Jengo jipya halikuwamo. Alilisahau, basi, na kila alipopima alipima kutoka mahali ambapo hapakuwa na tatizo.

Kuongeza mstari mmoja kulichukua dakika mbili. Dada akatuma, ikapita. Jibu halikuchelewa: faili limepokelewa, lakini nafasi ya mama amepewa mgonjwa mwingine, na inayofuata ni baada ya miezi minane. Daktari alishawaambia jicho lile halina hata miezi mitatu.

"Ungeshuka siku moja tu," dada alisema. Hakupandisha sauti, na fundi aliona afadhali angetukanwa.

Simu yake ikaita. Mama.

"Barua imefika, mwanangu?"

"Imefika, mama."

"Mungu mkubwa! Nilimwambia dada yako, acha wasiwasi, mdogo wako kazi yake anaijua. Haya niambie, nifungashe nguo za siku ngapi?"

Fundi alimtazama dada yake. Dada akageukia ukuta.